Mablanketi Mawili

Jina lake nililikata kwa kalamu nyekundu. Nilitumia rula, mstari ukanyooka kuanzia kwenye namba yake hadi safu ya mwisho wanapoweka dole gumba, na pembeni nikaandika maneno mawili: "Ameuza msaada."

Nilikuwa na miaka 23. Mafuriko yalikuwa yametimiza siku tisa, na familia zilizopoteza nyumba zilikuwa zikilala kwenye madarasa ya shule, madawati yamerundikwa nje uwanjani. Mimi nilikuwa mmoja wa vijana tuliojitolea kugawa misaada, na kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka, nilikabidhiwa daftari. Kazi ile niliichukulia kama amana. Kila kilichoingia getini kilikuwa kimetoka mfukoni mwa mtu, na nilijiapia kwamba hakuna kitakachopotea mikononi mwangu.

Na vitu viliingia kweli. Darasa moja lilijaa nguo hadi usawa wa dirisha. Nilishinda humo siku mbili nikichambua: magauni ya sherehe yenye shanga, makoti mazito ya baridi kali, kiatu cha kushoto kisicho na mwenzake. Palikuwa na suruali iliyokatika zipu ambayo mtu aliifua, akaipiga pasi, akaikunja kwa mistari iliyokaa sawasawa. Ile suruali nilikaa nayo mkononi muda mrefu. Aliyeipiga pasi alikuwa amewaza mwenzake aliyepatwa na shida, hilo halina ubishi. Kulikuwa pia na boksi la dawa. Muuguzi aliyepita asubuhi alizigeuza chupa moja moja, akasema maandishi haya hajui ni ya lugha gani, akalisukuma boksi chini ya meza.

Miaka baadaye nilisoma kuhusu Aceh, kule Indonesia, baada ya tsunami ya Desemba 2004. Zilimiminika takriban tani 4,000 za dawa za msaada, nyingi zikiwa na maandishi ambayo wahudumu wa pale hawakuweza kuyasoma, nyingine ziko mbioni kuisha muda wake. Na Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshatoa mwongozo tangu 1996: dawa itolewe kwa kuombwa, iandikwe kwa lugha inayoeleweka huko inakokwenda, na ikifika iwe imebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha. Niliposoma nilimwona tena yule muuguzi na mkono wake ukisukuma boksi.

Basi fahari yetu ikabaki kwenye mablanketi. Yalikuwa mapya, mazito, yenye nembo ya shirika kwenye pembe, matatu kwa kila familia. Siku ya pili baada ya kuyagawa, kijana mwenzangu alininong'oneza kwamba ameyaona mawili yakiuzwa barabarani. Nilikwenda mwenyewe. Nembo ilikuwa juu kabisa, wala haikufichwa. Nikamuuliza mnunuzi ameyapata kwa nani, naye hakuona sababu ya kuficha. Akanieleza mama mmoja mtu mzima, mwenye mjukuu, anayelala darasa la mwisho.

Sikwenda kumuuliza. Hapo ndipo roho inaponiuma mpaka leo. Darasa la mwisho lilikuwa hatua hamsini kutoka mezani kwangu. Nilifungua daftari nikachukua rula.

Alifika kwenye foleni siku tatu baadaye, tulipokuwa tunagawa ndoo na sabuni. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitika, nami nikamwambia jina lake halipo. Aliinama akalitafuta mwenyewe kwenye ukurasa. Alijua kusoma. Kidole chake kilishuka taratibu juu ya majina ya wenzake, kikafika kwenye wino mwekundu, kikasimama. Watu wa nyuma yake walianza kusogea ili waone.

"Mwanangu," akasema, "mlinipa matatu. Mimi na mjukuu tunalalia moja. Mawili nimeyageuza nauli."

Kisha akafungua mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Ndani mlikuwa na karatasi ya polisi ya kuonyesha kwamba kitambulisho kimepotea, imekunjwa mara nne, na kadi ndogo ya plastiki yenye tundu katikati, ile inayobaki ukishachomoa laini mpya ya simu. Alikuwa ameitunza kana kwamba ni hati. Akanieleza mbele ya foleni nzima, bila kupandisha sauti. Simu yake ilikwenda na maji. Ndani ya laini kulikuwa na akiba yake, na wanawe walio mbali walikuwa wameshamtumia nyingine. Hela ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Aliyekosekana ni yeye wa kuifikia. Laini hairudishwi bila kitambulisho, kitambulisho kimezama, na kupata karatasi ya polisi kunataka safari, na kutoka huko hadi kwenye ofisi ya simu ni safari nyingine. Kila hatua nauli. Hakuwa na nauli, alikuwa na mablanketi.

Nilipiga hesabu nikiwa pale pale mezani. Mablanketi yale yalinunuliwa, yakapakiwa, yakasafirishwa kwa lori kwenye barabara iliyokatika, yakalindwa usiku. Yeye aliyauza kwa robo tu ya tulichoyanunulia, maana mnunuzi alijua ana shida. Robo tatu zote zilipotelea njiani kati ya mkono wa aliyetoa na mkono wake, wala hakuna aliyeziiba. Na sisi tulikuwa na gari lililokwenda mjini kila asubuhi likiwa tupu.

Jioni ile nilikwenda kwa kiongozi wetu wa ugawaji kuomba jina lirudishwe. Alikuwa mtu mwema, aliyechoka kuliko sisi sote. Alisema waliotoa wametoa mablanketi ili watu wajifunike, na ripoti ikionyesha yanauzwa, hawatatoa tena. Nikamuuliza kwa nini basi tusiwape watu fedha. Akajibu kama wengi wanavyojibu: ukiwapa hela, watanywea pombe.

Sikuwa na la kumjibu. Leo ningekuwa nalo. David Evans na Anna Popova, katika utafiti wa Benki ya Dunia wa 2014, walikusanya tafiti 19 za nchi mbalimbali kuhusu familia maskini zilizopewa fedha mkononi, na hawakukuta kwamba pombe na sigara ziliongezeka; mahali pengine zilipungua. Ningemweleza pia habari za Siaya, Kenya, ambako zaidi ya kaya 10,500 zilipewa takriban dola 1,000 kila moja, na utafiti uliochapishwa 2022 ukakuta kwamba hata majirani ambao hawakupewa chochote hali zao zilipanda, kwa sababu fedha ile ilizunguka pale pale, huku bei zikiwa karibu hazikutikisika.

Lakini sitaki kusema kwamba vitu havifai. Vyandarua vyenye dawa ni vitu, vingi vilinunuliwa kwa fedha za misaada, na watafiti walikadiria kwamba kati ya 2000 na 2015 kinga na tiba ya malaria ziliepusha visa milioni 663 vya ugonjwa huo barani Afrika, zaidi ya nusu yavyo kwa sababu ya vyandarua. Hakuna anayeweza kunishawishi kwamba kutoa ni kupoteza. Ila kabla ya chandarua kutundikwa, kuna mtu alikwenda kuhesabu wagonjwa. Mimi sikutembea hata hatua hamsini.

Kesho yake nilizitembea. Nilipita darasa kwa darasa na daftari, safari hii nikiuliza swali moja tu: ni nini kinachokuzuia kuondoka hapa? Mzee mmoja alisema miwani. Bila miwani hawezi kushona viatu, na kushona viatu ndiyo kazi yake. Mama mwenye watoto wanne alitaka jembe. Kijana alitaka kujua tu kama daraja limepitika ili akamtafute ndugu yake. Na waliokwama kama yule mama, laini zimezama na hela zimefungiwa ndani, nikaandika familia kumi na moja kabla sijamaliza upande mmoja wa shule. Nguo hakutaja mtu.

Ile orodha niliipeleka. Gari la asubuhi likaanza kubeba watu kwenda kutafuta vitambulisho, si wote, wale waliotosha kwenye viti. Miwani haikupatikana. Jembe lilichelewa. Idhini ya kurudisha jina la yule mama ilitoka siku ya tano, na nikaliandika upya kwa wino wa bluu chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi kubwa.

Nilipokwenda kumwita, darasa la mwisho lilikuwa limefagiliwa. Jirani yake aliniambia ameondoka jana na mjukuu, ametoa hela yake, amelipia usafiri, ameelekea kwa kaka yake. Blanketi moja amelibeba.

Daftari lile ninalo bado. Jina lake lipo mara mbili kwenye ukurasa uleule, juu kwa mstari mwekundu, chini kwa bluu, na kisanduku cha dole gumba mbele ya lile la chini hakina kitu.