Joto, makala (mkaa) na waya katika chumba kimoja cha Kadutu

Kadutu, komuni ya mji wa Bukavu mashariki mwa Kongo, nyumba zimebanana kiasi kwamba ukuta wa jirani ndio ukuta wako. Dirisha la pembeni halipo, mlango unafungukia kijia cha kupita mtu mmoja. Kwa hiyo joto lina njia moja tu ya kutoka: juu. Inaniuma kuona pengo kati ya ukuta na manjanja, yaani mabati ya paa, likizibwa kwa saruji au matambara, eti baridi ya usiku isiingie.

Watu sita waliolala hutoa joto la wati 450 hivi, na kila mmoja karibu gramu 40 za mvuke kwa saa. Kwa saa nane ni kama lita mbili za maji hewani. Alfajiri manjanja yanapoa, mvuke unageuka matone, godoro linalowa, mbao zinaoza. Watu husema paa linavuja. Kama matone yanaanguka hata usiku usio na mvua, usinunue lami: toboa tundu la sentimita 20 kwa 20 juu kabisa ya ukuta wa mbele, na uache upenyo wa sentimita 2 chini ya mlango. Ukiweka wavu wa mbu, panua tundu, maana wavu hupunguza hewa sana. Nyuma kukiwa kumezibwa, inua bati la mgongo wa paa kwa vipande vya mbao vya sentimita 5, likiendelea kufunika pande zote mbili. Plafoni (dari) ya triplex, yaani mbao nyembamba, au ya mikeka husaidia mchana, lakini nafasi kati yake na manjanja iwe wazi ncha zote mbili.

Tundu hilo halikupi ruhusa ya kuingiza mbabula, jiko la makala, ndani. Makala yaliyowaka mekundu bila moshi hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala haamki kuikimbia. Mbabula ilale nje.

Makala yenyewe yanaweza kupungua. Bukavu iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, maji huchemka kwenye digrii 95, ndiyo maana maharagi yanakawia. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, yachemshe kwa nguvu dakika 20, kisha funika sufuria iliyojaa na uizungushie blanketi ndani ya kikapu kwa saa tatu au nne. Yarudishe motoni yachemke tena kabla ya kula. Usiruke zile dakika 20: maharagi mekundu yasiyochemka vizuri yana sumu inayotapisha.

Sasa waya, na hapa ndipo mitaa yetu inapoungulia. Resho, yaani jiko la umeme, la wati 2,000 kwenye volti 220 huvuta ampea 9. Joto ndani ya waya hukua kwa mraba: ampea zikiongezeka mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Waya wa nyuzi mbili (kwenda na kurudi) za milimita 1.5 za mraba, wenye urefu wa mita 50, hutoa kama wati 100 ukibeba ampea 9. Ukiwa umenyooshwa hewani, joto hilo linatawanyika. Ralonji (waya wa kurefushia umeme) iliyokunjwa chini ya kitanda inalihifadhi hadi plastiki iyeyuke. Kiungo kilichosokotwa kwa mkono ni kibaya zaidi: kwa ampea hizo 9, omu moja tu ya ukinzani ni wati 80 katika sehemu ndogo kama punje ya haragi. Shaba ikisokotwa na aluminiamu, kutu inaongeza ukinzani mwezi baada ya mwezi. Tumia kiunganishi cha metali mbili.

Weka dijonkteri, swichi inayojikata mzigo ukizidi, ya ampea 10 kwa waya wa 1.5, ya 16 kwa waya wa 2.5. Ikikatika kila mara, waya unakuomba upunguze mzigo; kuifunga kwa kipande cha shaba ni kuondoa kinga ya nyumba zote za mstari huo.

Saa za jioni volti zikishuka hadi 150, resho la wati 1,000 linatoa 465 tu, chakula kinachukua zaidi ya mara mbili ya muda. Pika mapema, kabla mtaa mzima haujawasha. Na delestaji (mgao wa umeme) ikianza, chomoa resho kwenye prizi palepale, kwa sababu umeme hurudi usiku wa manane kila mtu amelala, na sufuria ilishaondolewa.