Mungu anajua bei ya tokeni

Kuna watu wakisikia umeombea tokeni za stima wanakucheka, eti Mungu ako na vita na wagonjwa wa kushughulikia na wewe unamsumbua na stima ya mia mbili. Mimi hiyo sikubali. Soma 2 Wafalme 6 kwenye Biblia. Jamaa anakata miti kando ya Yordani, chuma ya shoka inachomoka inazama majini, na kinachomliza ni kimoja tu, shoka yenyewe ilikuwa ya kuazima! Nabii Elisha anauliza imeangukia wapi, anakata kijiti, anakitupa pale, chuma inaelea. Hakuna mgonjwa hapo, hakuna vita, ni mtu tu anawaza atamwambia nini mwenye shoka. Sisi tunaoishi ploti za kuazimana sufuria tunamwelewa huyo jamaa vizuri sana.

Mimi ni fundi wa nguo, na tangu shule zifunguliwe sare hazishonwi, cherehani imekaa tu, alafu keateka wa ploti akapita akibandika notisi za kodi milangoni. Watoto walipolala nikaibandua nikaiweka kitandani, nikapiga magoti nikasema Baba hii hapa, soma mwenyewe. Na si ujuaji, Mfalme Hezekia wa Yuda alipoletewa barua ya vitisho ya Waashuri alipanda nayo nyumbani mwa Bwana akaikunjua mbele zake, iko 2 Wafalme 19. Nikamtajia kila deni na pesa yake, kodi, chama, mpaka elfu moja mia tatu ya mama mboga. Yale maombi ya "Bwana unajua haja zangu zote" mimi hunishinda, nalala kabla ya amina, lakini nikifika kwa mama mboga macho yanafunguka yenyewe.

Na si lazima iwe kesha. Nehemia, mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi, aliulizwa na mfalme unataka nini, akamwomba Mungu hapo hapo, kabla hajajibu, alafu akaitisha barua za kumpitisha njiani na mbao kutoka msitu wa mfalme. Hapo ndio napenda, kuomba Mungu hakukumzuia kuomba mfalme. Mimi sana sana huombea kwa matatu, jam ya Jogoo Road inatosha hata kuombea majirani wote. Lunch nikiwa tao napitia bustani ya Jeevanjee nasikiliza wahubiri kidogo, ila wa kuniambia nipande mbegu, yaani nimtumie pesa kwa simu ndio nijibiwe, na huyo tunaachana mapema.

Sasa asubuhi baada ya ule usiku wa notisi nikampigia mwenye nyumba, sauti inatetemeka ungedhani naongea na huyo mfalme wa Nehemia. Akanyamaza weee, alafu akauliza, "Leo uko na ngapi?" Nikamwambia nusu. Akasema tuma, hiyo ingine iingie kabla ya tarehe kumi na tano.

Sasa hiyo ingine ndio naombea, na mama mboga naye siku hizi ananiita kwa majina yote mawili, kwa hivyo ukisikia mtu anatafuta wa kushona sare za kwaya, tafadhali nitaje.