Niliomba kuona taarifa zangu

Wiki iliyopita nilienda ofisi moja ya serikali kurekebisha tarehe yangu ya kuzaliwa. Kwenye kaunta kulikuwa na daftari la wageni, liko wazi: jina, namba ya kitambulisho, simu, sababu ya kuja. Juu ya mstari wangu dada mmoja alikuwa ameandika kwamba anafuatilia msaada wa matibabu, na ugonjwa wenyewe ameutaja. Yeyote aliyeshika kalamu baada yake angeusoma. Mimi niliusoma kabla sijajizuia, na mpaka leo inaniuma.

Nikamuuliza karani kama naweza kuona taarifa zangu zote walizo nazo. Akashangaa: "Za nini tena?" Nikamwambia ni haki yangu. Ulaya, sheria ya kulinda taarifa binafsi iliyoanza kutumika Mei 2018 inazipa taasisi kwa kawaida mwezi mmoja kujibu ombi kama hilo. Kenya walitunga yao 2019, Tanzania 2022, na zote zinampa mtu haki ya kuona na kusahihisha taarifa zake. Msimamizi akaja, mama mstaarabu kweli, akanipa fomu.

Jana nimepata nakala. Namba ya simu niliyoiacha miaka mingi bado imo kama yangu. Yaani ujumbe wowote kunihusu unakwenda kwa mtu nisiyemjua kabisa! Nimeandika barua waifute, na nyingine kuhusu lile daftari, kwamba sababu ya mtu kuja isiandikwe pale. Hiyo ya pili haijajibiwa. Jumatatu narudi.