Jino langu la skrubu na mkaa wa shemeji

Jino langu la mbele la juu nilipandikiziwa mwaka 2011, lile la kuzaliwa lilipovunjwa na mfupa wa mbuzi. Miaka 11 sikuliwaza. Nikaja kulishtukia kwenye picha za sendofu ya binti wa dada yangu: juu ya jino, mstari wa kijivu kama ukingo wa sufuria. Ufizi umepanda, titani, chuma cha ile skrubu inayolishika jino mfupani, inachungulia.

Shemeji yangu, mwenye dawa ya kila kitu, akatoa hukumu: "Shem, huo uchafu tu. Saga mkaa, tia chumvi, sugua." Nami na akili zangu timamu nikasaga. Nikanunua mswaki mgumu kuliko yote dukani, nikasugua asubuhi na jioni wiki 3, sinki jeusi kama la gereji, mume wangu anauliza kama nimekula lami. Kijivu hakikutoka. Kingetokaje, na ndicho chuma chenyewe? Kilichotoka ni ufizi, tena kwa damu. Maumivu sikusikia, na hapo ndipo nilipodanganyika: jino la kupandikizwa halina ule utando wenye hisia unaoushika mzizi wa asili. Mfupa unaweza kuliwa nawe unatafuna mahindi ya kuchoma.

Daktari wa meno akapiga eksirei, akapima ufizi taratibu. Mfupa umeliwa kidogo, usaha hakuna. Akanipa moyo kwamba mtu wa kwanza kuwekewa meno ya skrubu ya titani, kule Uswidi mwaka 1965, alikaa na yake miaka 40. Ila ufizi haurudi wenyewe; kuziba kijivu ni kukata kinyama cha kaakaa na kukishonea pale, kwa bei ya ng'ombe mzuri. Nikabaki na kijivu changu. Kusafishwa tu kulinila elfu themanini, au tisini, risiti sijui iko wapi.

Kazi ya kulisafisha nyumbani ilikuwa upande wa ndani, nisiouona. Nikakinyakua kioo cha pikipiki ya mwanangu, shina nikalichomeka kwenye kopo la mchanga juu ya sinki, kikatazama juu. Ukiinama unaliona kaakaa lote, na mikono yote miwili iko huru! Napitisha uzi mnene wenye manyoya, nauzungusha jinoni, navuta huku na huku kama mpiga viatu rangi. Vile viburashi vya katikati ya meno, chagua vyenye waya uliovikwa plastiki. Waya mtupu unakwaruza. Mswaki uwe laini. Mwenye kisukari au mvuta sigara asisubiri picha za sendofu.

Damu ilikata mwezi wa pili. Kila miezi 6 narudi kupimwa. Mwanangu kanunua kioo kingine, na shemeji juzi kaja na habari za limau.