Wali wa oda uliokuwa ukichacha kabla ya mchana: nilivyotatua

Napika nyumbani Mamboleo, Kisumu, na kupeleka chakula cha mchana maofisini mjini. Wali ulitoka jikoni ukiwa safi, ukifika saa saba ni vuguvugu na unanukia uchachu. Joto la huku mnalijua. Nilibadili mchele, nikaacha wa Ahero nikachukua pishori. Wapi! Nikapunguza maji. Bure.

Kilichosaidia ni hotipoti, lakini si hotipoti baridi. Ikiwa baridi, kuta zake hunyonya joto la wali, na kuna vijidudu vya wali ambavyo mbegu zake hustahimili kuchemshwa, kisha huzaana kwenye uvuguvugu. Sasa naijaza maji yanayochemka, nafunika dakika kumi, namwaga, nakausha kwa kitambaa safi, halafu napakia wali ukiwa bado unafuka mvuke, hadi juu, pasibaki nafasi ya hewa. Kipimajoto cha jikoni ndicho shahidi wangu: ukifika ukiwa juu ya nyuzi 60 za Selsiasi, vijidudu hivyo haviwezi kuzaana.

Kachumbari husafiri kando, kwenye kopo lake. Na wa bodaboda ameombwa asifungue kifuniko njiani, hata harufu imshawishi vipi.