Studio ya gemu ikinunuliwa, usikimbilie kuuza PS (PlayStation) yako

Kwenye mabanda ya gemu hapa Dodoma, Microsoft, wenye Xbox, mshindani wa PS ya Sony, wakinunua studio (kampuni inayotengeneza gemu), ubishi huwa uleule: "PS imekwisha!" Haijaisha. Diski uliyonayo itaendelea kucheza; wasiwasi ni gemu zijazo. Microsoft ilikamilisha kuinunua ZeniMax, wenye studio ya Bethesda, Machi 2021, na gemu yao Starfield ikatoka 2023 kwa Xbox na kompyuta tu. Wenye PS5 walikasirika, na walikuwa na haki kabisa. Lakini Indiana Jones and the Great Circle, gemu nyingine ya Bethesda iliyoanzia kwenye Xbox na kompyuta Desemba 2024, ilifika PS5 Aprili 2025. Call of Duty, gemu ya vita ambayo sasa ni ya Microsoft, nayo ina mkataba wa miaka 10 na Sony. Mwenye banda, angalia wateja wanalipia nini: wengi gemu za mpira, na EA wanaozitengeneza si mali ya Sony wala Microsoft.