Likizo Ivuke Maji

Jumapili, baada ya isha.

Nimekaa kuifikiria likizo, hasa hii tunayoichukua mjini na kubaki papo hapo mjini. Mtu wa Kikwajuni, hapa mjini Unguja, akiomba siku kumi, siku ya pili tu ameshapangiwa kupokea wageni wa harusi, na ya tatu ofisi inapiga: njoo mara moja, ni dakika tano tu. Atakataaje, na ofisi anaiendea kwa miguu? Ndiyo maana naamini kwa sisi wa Unguja likizo ivuke maji. Pemba iko mbali kiasi cha kilomita 50, na zote ni za bahari. Hapo "njoo mara moja" haipo.

Usiku nne ndio uchache. Siku ya kwanza inaliwa na chombo, ya pili mkono bado unapapasa simu, na ya tatu ndipo usingizi unapoanza kuwa usingizi. Anayevuka Ijumaa na kurudi Jumapili amejichosha tu. Na kurudi, acha siku moja nzima kabla ya kuingia kazini, kwa sababu upepo wa kusi ukichafuka safari huahirishwa. Kusi ni Juni hadi Septemba, na mkondo wa Nungwi wakati huo hauna huruma.

Likizo huharibikia ofisini kabla mtu hajafika bandarini Malindi. Tunakabidhi kazi kwa mdomo, mlangoni, mkoba uko begani. Mwenzako akisahau atamuuliza nani kama si wewe? Kaa naye siku tatu kabla, na umwachie karatasi moja: kipi kinaendelea, nani anasubiri nini, funguo na mafaili viko wapi, na jambo gani moja ndilo la kukupigia simu. Wapo wanaoona fahari kwamba bila wao mambo hayaendi. Mimi naiona ni hatari, kwa ofisi na kwao.

Melini, usipande na tumbo tupu wala lililojaa urojo. Mkate mkavu au kipande cha muhogo wa kuchemsha, saa moja kabla, kinatosha. Kaa katikati ya chombo, chini, palipo na mtikisiko mdogo, na tazama mbali pale bahari inapokutana na mbingu. Kigegezi, yaani kichefuchefu, kinakuja kwa sababu sikio la ndani linahisi mwendo huku jicho likitazama kitu kilichotulia, na simu ndicho kitu hicho. Dawa imezwe kabla ya kung'oa nanga. Ukishaanza kutapika haikai.

Ukishuka Mkoani, bandari ya Pemba, usijipangie mambo mengi. Msitu wa Ngezi na pwani ya Vumawimbi viko upande mmoja, kaskazini baada ya Konde, vinatosha siku nzima. Kisiwa cha Misali kipewe siku yake. Wenyeji husimulia kuwa Nabii Khidhri aliomba msala, mkeka wa kuswalia, ukakosekana, akakifanya kisiwa chenyewe msala wake.

Lakini kinachopumzisha zaidi, kwa maoni yangu, ni karafuu. Ukikuta msimu, majamvi yametandazwa mbele ya nyumba na kandokando ya barabara, na harufu inakupokea kabla hujaiona nyumba yenyewe. Karafuu mbichi hutaka siku kadhaa za jua mpaka ziwe za hudhurungi na kukatika kwa mlio zikivunjwa. Zinageuzwa, zinaachwa, wingu likitanda zinakusanywa mbio, kisha zinatandazwa tena. Hakuna wa kuliharakisha jua. Anayetoka kwenye kazi ya kila kitu kutakiwa leo akikaa barazani saa mbili akatazama kazi hiyo, mabega yake yenyewe hushuka.

Ukirudi, barua za kazi zifungue asubuhi ukiwa mezani kwako, si melini. Na kabla ya kuzifungua, kaa na yule uliyemwachia ile karatasi.